KASI NI KIPIMO: HAKI YA ALIYELIPIA INTANETI

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani



Katika semina zilizotangulia tumezungumza juu ya ardhi, juu ya ujira wa vibarua na juu ya uchaguzi. Leo tumeombwa kutafakari jambo ambalo baadhi yetu wataliona dogo, hata la anasa: intaneti ya nyumbani ambayo kasi yake ni pungufu kuliko ile iliyotangazwa. Yamkini mtu atauliza kama Tume yetu imeishiwa na kazi. Swali hilo ni halali, na hatuna budi kulijibu kabla ya kuendelea.

1. Je, ni jambo dogo?

Tuangalie ni nani hasa anayelipia huduma hii katika mitaa yetu. Ni mwalimu anayesomea shahada yake usiku baada ya kusahihisha madaftari. Ni fundi cherehani anayepokea oda na picha za mitindo kutoka kwa wateja wa mbali. Ni kijana mwenye kibanda cha kupiga chapa, ambaye majirani humjia awasaidie kuomba cheti cha kuzaliwa au leseni kupitia eCitizen, au kuwasilisha taarifa zao za kodi kabla ya tarehe 30 Juni. Huduma nyingi za serikali yetu ya Kenya sasa hupatikana kwa njia hiyo. Taarifa ya kodi ikichelewa, anayetozwa faini ni mwananchi. Kampuni iliyomuuzia kasi pungufu haitozwi kitu.

Zipo pia familia ambazo huchanga fedha, nyumba tatu au nne, ili kulipia laini moja. Kwa watu hao malipo ya mwezi ni fedha iliyotolewa kwenye chakula na karo. Wakipewa nusu ya walichonunua, wamepunjwa, kama vile mnunuzi wa mahindi anavyopunjwa sokoni.

Na hapo ndipo ulipo msingi wa mada yetu. Kasi ni kipimo. Anayeuza kwa kipimo anawajibika kukijaza, na anayenunua kwa kipimo ana haki ya kukihakiki.

2. Gorogoro lililobonyezwa

Sote tunalijua gorogoro la sokoni, na sote tunajua hila ya kulibonyeza kitako ili lionekane kubwa nje huku ndani likibeba kidogo. Mama anayejua soko huligeuza gorogoro na kulitazama chini kabla ya kulipa. Nabii Amosi aliwakemea vikali wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei, na waliokuwa wakiumia zaidi zama zile walikuwa maskini. Hila hiyo, basi, ni ya kale sana. Kilichobadilika ni chombo.

Kasi ya intaneti haishikiki wala haionekani kwa macho. Huuzwa kwa megabiti katika kila sekunde. Watu wengi huchanganya megabiti na megabaiti, na mkanganyo huu huwagharimu. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo laini ya megabiti 10 kwa sekunde, ikifanya kazi kikamilifu, hupitisha megabaiti moja na robo tu kila sekunde. Faili la masomo lenye ukubwa wa megabaiti 100 litachukua takriban sekunde 80 kufika. Laini hiyohiyo ikishuka hadi megabiti 2, faili lile litachukua sekunde 400, yaani karibu dakika saba. Mtu asiyejua hesabu hii ataona tu kwamba mashine yake ni nzito, atailaumu simu yake au kompyuta yake, na ataendelea kulipa kila mwezi bila kunung'unika. Hivyo ndivyo gorogoro lililobonyezwa linavyopita bila kugeuzwa.

3. Neno "hadi"

Tukisoma matangazo kwa makini tutaona kwamba kampuni hazisemi, "Tutakupa megabiti 20." Husema, "Kasi ya hadi megabiti 20." Neno hilo dogo "hadi" ndilo linalobeba mzigo wote. Mteja husikia 20. Kampuni, ikiulizwa, hujibu kwamba 5 nayo imo ndani ya "hadi 20". Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hatusemi kwamba kila tangazo lenye neno hilo ni la udanganyifu. Ni kweli kwamba laini moja kuu hugawanywa kwa nyumba nyingi, na saa za jioni, watu wote wanaporudi nyumbani, kasi hupungua. Lakini kampuni inajua jambo hilo kabla ya kuuza. Inajua imeunganisha nyumba ngapi kwenye laini moja. Inajua pia kama kifurushi kina sharti la kupunguza kasi baada ya mteja kutumia kiasi fulani katika mwezi. Haki inadai kwamba anayejua amweleze asiyejua, kwa maneno yanayoeleweka, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kwamba jambo hili linawezekana, tunao mfano wa Uingereza. Huko zamani kampuni iliruhusiwa kutangaza kasi ya "hadi" hata kama ni mteja mmoja tu katika kila kumi aliyeweza kuipata. Watu walilalamika kwa miaka mingi. Tangu tarehe 23 Mei 2018, kasi inayotangazwa kwa matumizi ya nyumbani sharti iwe ile inayopatikana kwa angalau nusu ya wateja katika saa za msongamano, kati ya saa mbili na saa nne usiku. Tena, tangu tarehe 1 Machi 2019, kampuni zilizokubali kwa hiari kanuni za msimamizi wa mawasiliano wa huko, Ofcom, humtajia mteja kasi ya chini kabisa anayohakikishiwa kabla hajafunga mkataba. Kasi ikishuka chini ya hapo na kampuni ikashindwa kuirekebisha katika siku 30, mteja anaweza kuondoka bila kutozwa adhabu. Tunaona kwamba "hadi" lilipata mipaka kwa sababu watu hawakunyamaza.

4. Sheria zetu zasemaje?

Wako wanaodhani kwamba mteja hana ila hisani ya kampuni. Sivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inawapa watumiaji wa bidhaa na huduma haki zilizo wazi: haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari zinazohitajika ili wanufaike kikamilifu, haki ya kulindwa afya yao, usalama wao na masilahi yao ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro. Kifungu hichohicho kiliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda watumiaji, na ya kuhakikisha matangazo yana haki, ukweli na adabu. Nacho kinazihusu taasisi za umma na watu binafsi vilevile.

Kufuatana na agizo hilo ilitungwa Sheria ya Kulinda Watumiaji, Na. 46 ya mwaka 2012. Sheria hiyo huhesabu kuwa ni tendo lisilo la haki kumpa mnunuzi maelezo ya uongo, ya kupotosha au ya kuhadaa, yakiwemo maelezo juu ya ubora na utendaji wa huduma. Mkataba uliofungwa kwa njia hiyo mnunuzi anaweza kuuvunja na kudai fidia. Hata kabla ya hapo, Kanuni za Kuwalinda Watumiaji wa Mawasiliano za mwaka 2010 zilikwisha kuzitaka kampuni za mawasiliano ziwe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Haya, ndugu wapendwa, si mapya duniani. Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani alilitajia Bunge la nchi yake haki nne za mnunuzi: usalama, kupewa habari, kuchagua na kusikilizwa. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo yake juu ya kuwalinda watumiaji. Tarehe 15 Machi huadhimishwa hata leo kuwa Siku ya Haki za Watumiaji Duniani. Swali lililobaki kwetu ni kama haki hizi zitakaa kwenye makaratasi au zitafika nyumbani kwa fundi cherehani.

5. Kwanza tutafute ukweli

Anayedai haki sharti awe mkweli. Kabla ya kuilaumu kampuni, tuhakikishe kasoro haimo ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Ruta iliyofungiwa ndani ya kabati la chuma, au iliyotengwa na msomaji kwa kuta mbili za mawe, haiwezi kutoa mawimbi mazuri. Kifaa cha zamani kinaweza kushindwa kupokea kasi iliyolipiwa. Aidha, jirani aliyepewa neno la siri mwaka jana huenda bado anaangalia filamu kila jioni. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika hufanywa kwa kuunganisha kompyuta na ruta kwa waya, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa. Ikiwa kasi ni nzuri kwa waya na mbaya chumbani, tatizo ni la nyumba. Ikiwa ni mbaya hata kwa waya, tatizo liko nje.

Vilevile zipo nyakati ambapo kampuni yenyewe imepatwa. Intaneti yetu nyingi hupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama ule wa SEACOM uliofika Mombasa mwaka 2009. Tarehe 12 Mei 2024 waya huo pamoja na ule wa EASSy ilikatika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, zikapungukiwa na huduma kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo uvumilivu ni wajibu wetu, na kutoa taarifa ya kweli kwa wateja ni wajibu wa kampuni. Lakini ajali ya siku chache haiwezi kuwa kisingizio cha upungufu wa mwaka mzima.

6. Hatua za kufuata

Wahenga walituachia neno: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mlalamikaji asiye na maandishi hupotea vivyo hivyo. Basi tunapendekeza hatua zifuatazo.

Kwanza, tutunze mkataba na tangazo. Karatasi ya tangazo, ujumbe wa simu au picha ya bango, vyote ni ushahidi wa kile tulichoahidiwa. Kabla ya kutia sahihi tuulize: kasi ya kawaida saa za jioni ni ipi? Je, kuna kikomo cha matumizi? Nikitaka kuondoka, ni kwa masharti gani?

Pili, tupime na kuandika. Programu za kupimia kasi hupatikana bure katika simu na kompyuta. Tupime asubuhi, mchana na jioni kwa wiki mbili, tukiandika tarehe, saa na kasi iliyoonekana. Kipimo cha siku moja ni malalamiko tu; vya wiki mbili ni ushahidi.

Tatu, tuiandikie kampuni. Kupiga simu peke yake hakutoshi, kwa sababu maneno ya simu hayana kumbukumbu mikononi mwetu. Tukipiga, tuombe namba ya malalamiko na jina la aliyetupokea. Barua ieleze kilichoahidiwa, kilichopatikana, na tunachodai: kurekebishiwa, kupunguziwa malipo, au kuachiliwa kutoka katika mkataba. Itaje pia siku ambayo tunatazamia jibu. Na tuwe na adabu. Kijana anayepokea simu hakubuni lile tangazo, wala fundi anayepanda nguzo siye aliyeamua nyumba ngapi ziunganishwe. Kuwatukana ni kuwaonea.

Nne, kampuni ikinyamaza au ikikataa bila sababu, tupeleke malalamiko pamoja na nakala zote kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Mamlaka hutaka kujua kwamba mteja alianzia kwa kampuni, na ndiyo sababu namba ile ya malalamiko ina thamani. Ikiwa shida ni tangazo lenyewe kupotosha umma, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya nayo ina uwezo wa kulishughulikia kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010.

Tano, kwa anayedai fedha yake, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka shauri liamuliwe katika siku 60. Mtu anaweza kusimama mwenyewe na kujieleza bila wakili. Hatua hii iwe ya mwisho, lakini tusiiogope.

7. Nguvu ya jumuiya

Mtu mmoja akilalamika, huambiwa kwamba ruta yake ni mbovu. Familia kumi na mbili za mtaa mmoja zikileta daftari zenye kipimo kilekile cha jioni, jibu hilo halisimami tena. Katika mojawapo ya jumuiya zetu, familia zilizounganishwa kwenye nguzo moja zilifanya hivyo. Ziliandika kwa majuma mawili, kisha zikapeleka barua moja yenye sahihi za wote. Fundi alipotumwa alikuta kisanduku cha kugawia laini kimebebeshwa nyumba nyingi kupita uwezo wake. Kampuni ilirekebisha, na wateja wakaondolewa malipo ya mwezi ule. Nyumba moja kati ya hizo iligunduliwa kuwa na kasoro yake yenyewe, nayo ilikiri na kujitoa katika madai. Hilo nalo lilikuwa tendo la haki, na liliipa barua ile uzito zaidi.

Katiba yetu, katika Kifungu cha 22, inamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujisemea, au kwa niaba ya kundi lenye masilahi yanayofanana. Hapa tunaona nafasi ya viongozi wa walei. Wako wazee na wajane kati yetu ambao huduma hii ililetwa na watoto wao walio mbali. Hulipa bila kujua walichonunua ni nini. Nani atawageuzia gorogoro? Wanafunzi wetu wa sekondari na vyuo wanajua kupima. Vijana hao wakipewa kazi ya kuzungukia nyumba hizo kwa wiki mbili, watakuwa wamefanya utume wa kweli.

Sisi nasi tulio wauzaji, wenye maduka, vituo vya mafuta, bucha na vibanda vya kupiga chapa, tujitazame. Hatuwezi kuidai kampuni kipimo kamili huku mizani yetu wenyewe imeinamishwa. Yule kijana anayewauzia wengine muda wa intaneti kibandani kwake awape dakika zote walizolipia.

Ndugu wapendwa, fedha inayopotea katika nyumba moja kwa mwezi inaweza kuonekana ndogo. Ikijumlishwa na ya nyumba zote za mtaa, kwa mwaka mzima, huwa mali nyingi iliyohama kutoka kwa wasio nacho kwenda kwa walio nacho, bila mtu kupaza sauti. Tusiwe wagomvi, lakini pia tusiwe watu wa kupunjwa kwa hiari. Tupime, tuandike, tuseme kweli, na tudai kilicho chetu.

 

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Ni nani katika jumuiya yetu wanaolipia intaneti ya nyumbani? Je, wanajua kasi waliyoahidiwa katika mkataba?

2. Neno "hadi" katika matangazo tunalielewaje? Tutoe mifano ya matangazo mengine yanayotumia maneno ya namna hiyo.

3. Ni wazee au wagonjwa gani wanaohitaji msaada wa kupimiwa na kuandikiwa barua? Nani atawasaidia, na kuanzia lini?

4. Katika biashara zetu wenyewe, ni kipimo gani ambacho hatujakijaza?